Honi ya Gari la Rodi

Honi ililia getini: moja ndefu, mbili fupi.

Scovia alikuwa amechutama kando ya tangi la maji akiosha vyombo vya mchana. Sufuria ilimtoka mikononi ikabingirika hadi kwenye matope. Hakuinua kichwa. Mwili wake ulijua kabla ya akili, kama mtu anayeguswa bega kutoka nyuma na mkono anaoufahamu. Tangu Gordon apotee, boma lile halikuwa limesikia honi hiyo.

Jikoni kigoda kilianguka. Kisha mama mkwe wake, Rael, akatoka mbio.

Goti la kushoto la Rael lilikuwa bovu kiasi kwamba hakuvuka ua bila kushika ukuta, lakini sasa alikimbia. Alikimbia miguu mitupu, mikono imejaa unga wa mtama hadi viwikoni, leso imemfunguka kiunoni ikiburuzika nyuma yake.

"Gordon!" alilia. "Gordon, wuoda! Mwanangu! Si niliwaambia? Si niliwaambia nyinyi?"

"Mama! Mama, ngoja!"

Hakungoja. Alilisukuma geti la bati kwa mikono yote miwili likagonga ua.

Gari lilikuwa pale. Lilikuwa lile lile, Nisani nyeupe yenye mstari wa manjano ubavuni, injini ikinguruma polepole. Jua lilikuwa limepiga kioo cha mbele na uso wa dereva haukuonekana. Kwa kitambo hicho kifupi hata Scovia alisimama, mkono kifuani, na moyo wake ukafanya jambo alilokuwa ameukataza kwa muda mrefu. Ukatumaini.

Mlango wa dereva ukafunguka, akashuka Magige, dereva mwenzake aliyekwenda kulitoa gari kwa fundi.

Alikuwa ameshika kofia mkononi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na tabasamu la mtu aliyejiandaa tangu asubuhi. "Misawa, mama," alisema kwa Kijaluo alichokuwa amekifanyia mazoezi njia nzima.

Rael hakumjibu. Alimtazama, kisha akatazama ndani ya gari nyuma yake. Alizunguka upande wa kushoto, akafungua mlango wa kiti cha mbele cha abiria, akainama. Kiti kilikuwa kitupu. Akaweka kiganja chake chenye unga juu ya kiti hicho, akakaa hivyo kidogo, halafu akaufunga mlango taratibu, jinsi mtu anavyofunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Akarudi jikoni. Safari hii goti lilimkumbuka, na alishika ukuta hatua kwa hatua.

"Nani alikuambia upige hiyo honi?" Scovia aliuliza.

"Scovia, kuna nini? Nimekosa wapi?"

"Nimekuuliza, Magige. Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu. Fundi pale Rongo ameona waya ya honi imekatika, akaiunganisha pamoja na zile breki. Nikasema—"

"Haikukatika. Niliikata mimi."

Magige alitazama jikoni, akatazama alama ya unga iliyobaki kwenye kitasa cha mlango, na rangi ikamtoka usoni.

"Ilikuwa honi yake," alisema.

"Alikuwa anampigia mama yake. Kila jioni akifika hapa. Moja ndefu ni ya kumwambia amefika, mbili fupi ni njaa. Mama anatoka anamtukana, anamwambia gari si ng'ombe, mbona linalia likiona nyumbani. Kila jioni, Magige."

"Nikiwa konda huko Rongo, steji nzima ilijua hiyo honi," Magige alisema polepole. "Moja ndefu, mbili fupi, watu wanasema gari la Rodi hilo limefika. Nilidhani ni ya gari, Scovia. Sikujua ni ya mtu."

Scovia aliegemea boneti, na joto la injini likampanda mgongoni.

Ilikuwa kweli. Pale Rodi Kopany hakuna aliyeweza kulitenga gari hilo na Gordon. Gordon alikuwa amefanya kazi Nairobi, akiendesha basi dogo la kuchukua watu mitaani na kuwapeleka stesheni ya treni ya abiria, na jioni kuwangoja washuke ili awarudishe makwao. Aliporudi nyumbani na akiba yake na gari lake, alirudi pia na wazo. "Sisi reli yetu ni hii lami ya Migori," alikuwa akisema. "Treni zetu ni mabasi. Yanapita Rongo tu, hayataingia kwa mama yako. Lazima kuwe na mtu wa kukuleta, na mtu wa kukungoja." Kabla yake, mtu wa Rodi aliyetaka kusafiri alifika Rongo na kukuta vumbi la basi. Aliyetoka safari alishuka na kulala kwenye benchi la duka. Gordon alipita vijijini alfajiri akiita watu kwa honi, na jioni hakuondoka Rongo mpaka basi lifike. Kama basi limekwama nyuma ya malori ya miwa ya Awendo, naye alikwama na watu wake, wakicheka, wakila mahindi ya kuchoma.

Kisha akataka kuiunganisha njia yake na watu wa ziwani. Alikwenda Sori kuuliza boti za visiwani hufika lini, ili gari liwe linazingoja. Mwenye boti akamwambia, panda ukajionee mwenyewe. Upepo uliwakuta katikati. Wenzake waliokotwa ufuoni, mmoja leo na mwingine kesho. Gordon, ziwa halikumrudisha.

Wazee walikuja kwa Rael na desturi yao. Mtu akipotea na mwili usionekane, Wajaluo huzika yago, tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kwenye kamba yake kama kitu kilichosahauliwa. Huitwa kwa jina la marehemu na kulazwa kaburini mahali pake. Rael aliwasikiliza hadi mwisho, akachukua mwiko, akawafukuza nao. "Mnizikie tunda na mwanangu yuko njiani?"

Basi Scovia akashika usukani. Aliikata waya ya honi. Kiti cha mbele cha kushoto alimwekea Gordon, hakukiuza tena, hata siku ya soko, hata kwa padri. Na kila jioni pale Rongo, abiria wakishashuka wote kwenye basi, alibaki akiutazama mlango wazi mpaka konda aupige na kuufunga. Hakumwambia mtu anamtazamia nani. Hakuna aliyeuliza.

Magige ndiye aliyeanza kumpigia simu. Yeye aliendesha laini ya Migori hadi Rongo. "Niko Awendo," angesema, "nyuma ya lori la miwa. Nina mama mmoja na mtoto, wanaenda kwenu. Ningoje." Naye angengoja. Baadaye akawa anasema, "Niko Awendo. Leo sina mtu wa kwenu. Lakini ningoje." Na Scovia akangoja hivyo pia, akijiambia ni kazi.

"Ulikuja kusema nini kwa mama?" alimuuliza sasa, bila kumtazama.

"Unajua."

"Sema."

"Kwamba naenda Nairobi leo na basi la jioni. Kwamba kazi niliyopata ni ile ile, ya kupeleka watu wa mtaa kwa treni." Alimeza mate. "Na kwamba sitaki kwenda kama mtu ambaye hajasema. Mimi si mwizi, Scovia, nikupende kwa simu tu. Nilitaka nikae mbele yake niseme."

"Kazi yake. Usukani wake. Sasa hata honi yake." Macho ya Scovia yalijaa. "Kwa nini kila unachogusa alishakigusa?"

"Na wewe je?" Magige aliuliza kwa upole. "Wewe pia alikugusa. Niache?"

Scovia aligeuka. Walitazamana pale kando ya gari, karibu kiasi cha kusikiana pumzi, na hakuna aliyepiga hatua.

"Kwetu mjane anaitwa chi liel," alisema. "Mke wa kaburi. Mimi sina kaburi, Magige. Mimi hata mjane si mjane. Wewe mama yako kule Kehancha alisemaje?"

"Alisema mwanamke ambaye mume hajazikwa ni mke wa mtu."

"Ndiyo hivyo. Hajakosea."

"Nyar Kadem!" Sauti ya Rael ilitoka jikoni. Alimwita hivyo tangu siku alipoolewa, binti wa Kadem, kwa jina la kwao ziwani. "Lete huyo mtu ndani. Chakula inapoa."

Waliingia na kuketi. Rael alikuwa amemaliza kusonga ugali kana kwamba hakukuwa na kilichotokea, ila unga ulikuwa bado umemkauka mikononi na leso alikuwa ameifunga vibaya. Aliweka mboga, akaweka samaki, akamsukumia Magige sahani.

"Kula. Mtu haendi safari na tumbo tupu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, nisamehe. Ile honi—"

"Nimesema kula."

Magige akala. Rael alimtazama akila, jinsi anavyomega, jinsi anavyotafuna, na Scovia aliona kwamba anapima. Nje, gari lilikuwa linapoa na bati lake likilialia, tik, tik.

"Hiyo kazi unaenda," Rael alisema. "Ni ile ya treni?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo gari ya treni inangoja watu?"

"Inangoja. Asubuhi naokota watu mlango kwa mlango mpaka stesheni. Jioni nasimama nje, treni ifike, nirudishe kila mtu kwake. Treni ikichelewa, naingoja."

"Na mtu asiposhuka?"

Tonge lilisimama mkononi mwa Scovia. Magige aliacha kutafuna. Alielewa alichoulizwa, na hakuharakisha kujibu.

"Namngoja mpaka mlango wa treni ufungwe, mama," alisema. "Ukifungwa, naondoka. Si kwa sababu nimemsahau. Ni kwa sababu kuna wale walioingia tayari, wamekaa ndani ya gari. Hao nao kuna mtu anawangoja nyumbani."

Rael aliinamisha kichwa. Alianza kubandua unga uliokauka kwenye vidole, kidole kimoja baada ya kingine. Scovia alitamani kumshika mkono lakini hakuthubutu.

"Mimi ndiyo nimeshika mlango," Rael alisema mwishowe. Alimgeukia Scovia. "Wewe umekaa ndani ya gari na mimi nimeshika mlango isiende."

"Mama, usiseme hivyo."

"Wacha niseme. Unajua mimi nalala aje? Nalala na miguu iko tayari. Nasema, siku akipiga honi nitakimbia, hata hii goti ivunjike nitakimbia. Leo nimekimbia." Alikiinua kiganja chake. "Nimekimbia, nimefika, nimefungua mlango. Kiti iko tupu. Nimeigusa na mkono yangu. Iko baridi, nyar Kadem."

Scovia alishuka kwenye kiti akapiga magoti, akaweka kichwa chake mapajani mwa mama mkwe wake. Tangu siku ile ya Sori hawakuwa wamelia pamoja. Kila mmoja alikuwa akilia upande wake wa ukuta na kumsikia mwenzake. Magige alitaka kuondoka. Rael akamwashiria akae.

"Njia ya Rongo," alisema machozi yalipopungua, "kuna ule mti ya yago karibu na daraja. Mnaujua. Leteni moja. Kubwa, alikuwa mtu mkubwa. Kesho nitamwambia shemeji yangu Elkana aite wazee, wafanye vile inafanywa. Lakini leo nataka aje nyumbani na gari yake."

"Sawa, mama," Scovia alinong'ona.

"Na wewe." Rael alimkazia Magige macho. "Yale umekuja kusema, usiseme leo. Mtu huzikwa kwanza. Ukirudi, usipige honi. Wewe piga hodi, kama mgeni."

"Nitapiga hodi, mama."

"Ndiyo nijue ni wewe. Sitaki kukimbia bure tena."

Pale sokoni Rodi, konda wao Beverly alikuwa ameshawapanga abiria wa jioni. Aliruka akashika mlango kabla gari halijasimama vizuri.

"Eh, madam! Gari imepata sauti! Tumesikia mpaka huku, wamama wameacha nyanya zao wamesimama kama—" Aliona macho ya Scovia, akajikata. Akamgeukia Magige aliyekuwa akiingia kiti cha nyuma na begi lake. "Na wewe Mkuria, ndiyo unatuhama? Ati unaenda kubeba watu wa Nairobi uwapeleke kwa treni. Hiyo treni haina miguu iwafuate kwao?"

"Treni haiingii mtaani, Beverly. Inapita tu. Mtu wa nyumba ya mwisho ataifikia aje?"

"Atembee. Kwani sisi tulizaliwa na magurudumu?"

Abiria walicheka. Mama Kezia, mchuuzi mzee aliyekaa nyuma ya dereva na kikapu chake cha mayai mapajani, alisema, "Mwache. Kila nyumba ya mwisho ina mtu anahesabu viti vya gari." Hapo kicheko kikaisha chenyewe.

Scovia aliendesha. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu kama siku zote, na mshipi wake ukigonga mlango kila walipopita shimo, mlio mdogo wa chuma alioujua kuliko sauti yake mwenyewe. Siku nyingine aliujibu. Siku nyingine, gari likiwa halina mtu, alimwambia Gordon habari za siku: nani amejifungua, nani amenunua ng'ombe, basi gani limebadilisha muda. Leo hakuwa na la kumwambia. Kwenye kioo aliyaona macho ya Magige, na Magige hakuyaondoa.

Karibu na daraja akaegesha kando.

"Tumeharibikiwa?" Beverly aliuliza.

"Hapana. Ngojeni kidogo."

Mti ulisimama shambani peke yake, matunda yake marefu ya rangi ya vumbi yakining'inia bila kutikisika. Magige alishuka. Alizunguka chini yake akitazama juu, akachagua, akapanda tawi la chini na shati lake jeupe likachafuka. Ndani ya gari, mzee mmoja wa nyuma alivua kofia.

"Ni la Gordon?" Mama Kezia aliuliza chini chini.

Scovia aliitikia kwa kichwa.

Mama Kezia aliweka mayai yake sakafuni, akafungua leso iliyokuwa mabegani, ile mpya ya kwendea kanisani, akaipitisha mbele. "Asije hivi hivi. Aliningoja Rongo siku nyingi, huyo kijana. Hata siku nimetoka hospitali na basi limechelewa, nilimkuta."

Magige alikuja amelibeba tunda kwa mikono miwili, limelala kifuani pake. Alisimama upande wa kushoto na hakuugusa mlango.

"Lina uzito," alisema.

"Gordon alikuwa mzito," Scovia alijibu, na kicheko kikamtoka kwa ghafla, kikachanganyika na kilio, naye akajifunika mdomo. "Chapati. Alikuwa anakula chapati kama mtu aliyetoka jela."

"Niliweke wapi?"

Alikuwa anauliza kweli. Scovia alimtazama mwanamume yule aliyechafua shati lake la safari, ambaye kwa muda wote waliofahamiana hakuwahi hata mara moja kukigusa kiti kile, wala kuuliza ni cha nani.

"Kwenye kiti chake," alisema.

Walilifunika kwa leso ya Mama Kezia. Scovia alivuta mshipi, akalifunga. Waliposhika njia tena, mlio ule wa chuma mlangoni haukusikika. Kimya chake kilimshtua, mara mbili aligeuka kuangalia.

Rongo ilikuwa na vurugu zake za jioni. Malori ya miwa yalipita yakidondosha makapi, wanafunzi wa chuo walivuka barabara bila kutazama, wauza ndizi walikimbilia madirisha. Abiria wa Rodi walishuka na kuingia basi lililosimama tayari, kila mmoja akipita upande wa kushoto na kugusa boneti kidogo kwa vidole, bila kuambiana.

Magige alibaki wa mwisho.

"Scovia."

"Umeambiwa usiseme leo."

"Sitasema. Nataka tu kujua kitu kimoja. Nikienda kule, nikishika kazi ile, utakuwa unamwona yeye badala yangu?"

Alifikiri kwanza, maana hakutaka kumdanganya mtu anayekwenda mbali. "Wakati mwingine," alisema. "Wakati mwingine nitaota anaendesha na uso ni wako. Wewe utaweza?"

"Mimi nimependa mwanamke ambaye ana kiti kitupu. Nilikiona siku ya kwanza." Alivaa kofia, akaivua tena. "Sitaki kukikalia, Scovia. Nitakaa hata nyuma na mayai ya Mama Kezia. Nataka tu gari liende."

Konda wa basi alipiga ubavu wa gari lake. "Nairobi! Wewe wa mapenzi, unapanda ama tunakuacha hapa?"

"Nenda," Scovia alisema. Lakini alikuwa ameshika mkono wa shati lake pale palipochafuka, na vidole havikuachia. "Magige. Kila jioni hapa mimi huangalia yule anayeshuka mwisho. Unajua?"

"Najua. Nimekuona."

"Nimechoka na wa mwisho." Sasa ndipo alipomwinulia uso. "Ukirudi, shuka wa kwanza."

Magige hakuahidi kwa maneno. Aliuchukua ule mkono wake, akaufunika kwa mikono yake miwili iliyonuka utomvu wa mti, akaubana hadi pete yake ya zamani ikamuuma. Kisha akapanda. Kwa mara ya kwanza tangu ashike usukani, Scovia alitazama mlango wa basi kumwona anayeingia. Mlango ulipofungwa, hakubaki. Aliingia gari lake, akawasha.

Waliotoka Migori na Kisii kwenda Rodi walikuwa wachache, na Beverly aliwakalisha nyuma kwa sauti ya kanisani. Wa mwisho alishuka sokoni, na Beverly naye.

"Nikusindikize, madam?"

"Hapana. Niko na mtu."

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu upande wa ziwa alipokata kona ya nyumbani. Geti lilikuwa wazi. Rael alikuwa ametoa kiti nje, ameoga, amevaa gauni lake la Sabato, anatazama njia. Scovia alisimamisha gari pale pale Gordon alipozoea kulisimamisha. Mkono wake ulikwenda katikati ya usukani, ukasita. Aligeuka kuitazama leso iliyofungwa mshipi.

"Haya," alimwambia. "Mwambie umefika."

Akabonyeza. Moja ndefu. Mbili fupi.

Rael alisimama. Hakukimbia. Alikuja polepole, yeye na goti lake, bila kushika ukuta, hadi upande wa kushoto wa gari, akafungua mlango. Alisimama akitazama. Akaifunua leso upande wa juu, taratibu, akapapasa.

"Umechelewa, wuoda," alisema. "Chakula kimepoa."